Kabla Hujaomba Kwenda Misheni: Niliyojifunza Sudan Kusini Nikiwa Askari wa Kike

Kila tangazo la nafasi za misheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa linapotoka, simu yangu haitulii. Askari wenzangu wa kike, wengine hatujawahi hata kuonana, wanataka kujua mtihani ukoje, posho ni kiasi gani, na kama ni kweli huko risasi zinalia usiku. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Ila naanza na swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza, na mimi naliona kubwa kuliko hayo mengine: ukishafika, utapangiwa kazi gani, na utazungumza na wanawake wa huko kupitia mdomo wa nani?

Nilikuwa dawati la jinsia na watoto nilipoomba. Kazi ile nilikuwa naijua: mama anakuja amefunika uso kwa kitenge, unamkalisha, unafunga mlango, unasubiri. Niliposikia Umoja wa Mataifa unatafuta polisi wa kike kwa ajili ya Sudan Kusini, nilijua kabisa wanachokitafuta. Tangu tarehe 31 Oktoba 2000, Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio 1325 chini ya urais wa Namibia, nchi wanachama zimekubaliana kwamba wanawake washirikishwe katika kulinda na kujenga amani, si kuhesabiwa tu miongoni mwa waathirika. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ukaweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2028: asilimia 30 ya maofisa wa polisi wanaopelekwa mmoja mmoja wawe wanawake, asilimia 20 katika vikosi vya polisi, na asilimia 15 katika vikosi vya jeshi. Canada ilianzisha mpango wa Elsie, wa kuongeza wanawake katika kulinda amani, mwaka 2017, na mwaka 2019 ukafuata mfuko wa kimataifa wa kuzisaidia nchi zinazochangia askari kuondoa vikwazo vinavyowabakiza wanawake nyumbani. Fedha zipo na nia ipo. Vikwazo vyenyewe ni vya kawaida kuliko mtu anavyofikiri, na cha kwanza ni usukani.

Mtihani una sehemu ya Kiingereza: kusoma na kuelewa, kusikiliza na kuandika ripoti, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye ripoti wanataka nani, nini, wapi, lini, kwa mpangilio, bila mapambo. Mtu aliyeandika maelezo ya mlalamikaji kituoni kwa miaka kadhaa tayari anayo nidhamu hiyo, kilichobaki ni sikio. Sikiliza taarifa za habari za redio za nje kila siku, za Wahindi, za Wanigeria, za Waingereza, maana misheni kila mtu anakuja na Kiingereza cha kwao.

Halafu kuna gari. Land Cruiser ya gia za mkono, unarudi nyuma katikati ya nguzo, ukigusa imekula kwako. Hapa ndipo dada zetu wengi wanapoanguka. Fikiria kituo cha kawaida: gari ni moja au mawili, dereva ni mwanamume, funguo ziko mfukoni mwake. Askari wa kike anaweza kufanya kazi miaka 10 na leseni yake ikawa safi kama ilivyotoka, kwa kuwa hajawahi kuendesha gari la kazini hata mara moja. Kusema kwamba wanawake wanashindwa mtihani wa gari bila kusema habari ya funguo ni kuwaonea. Mimi nililipa chuo cha udereva kwa fedha yangu, na siku za mapumziko nikamlipa fundi mmoja mwenye Land Cruiser kuukuu anifundishe kurudi nyuma kwa vioo vya pembeni tu. Ilikuwa gharama, na kwa mshahara wa askari niliisikia. Usiisubiri barua ya uteuzi ndipo uanze. Na angalia tarehe ya leseni yako leo, kwa sababu dada mmoja niliyekuwa naye alirudishwa siku ya mtihani wa gari kwa leseni iliyokwisha muda.

Kwa Sudan Kusini maofisa wa polisi wanaokwenda mmoja mmoja hawabebi silaha. Wenye silaha ni vikosi vya polisi na vya jeshi. Jambo hili liseme mapema nyumbani, kwa sababu mama yangu mzazi alipolisikia alilia zaidi kuliko alipojua kwamba nakwenda penye vita.

Nyumbani niliacha mtoto mdogo na mume. Watu wanazungumza sana kuhusu ujasiri wa kwenda, kuhusu maandalizi ya kuondoka wanakaa kimya. Kaeni chini, wewe, mume na atakayelea mtoto, muandike nani analipa ada, nani anatoa fedha benki, nani anaamua mtoto akilazwa. Kwetu mama mkwe ndiye aliyehamia nyumbani, na ndiye aliyesema neno lililonisaidia: "Mwanangu, usitume hela kwa kila anayekupigia. Utarudi mikono mitupu." Posho ya misheni ni ya kujikimu, yaani ndiyo itakayokulisha na kulipia chumba chako. Ndugu wanaisikia kwa dola na kuihesabu kama faida yote. Malipo ya kwanza pia huchukua muda kuingia, hivyo nenda na dola za kukutosha wiki za mwanzo, noti mpya zisizochanika wala kuandikwa, kwa kuwa za zamani sokoni hawazitaki. Chanjo ya homa ya manjano, vipimo vya afya, dawa zako za kawaida, gambuti. Ukiwa huijui mvua ya Sudan Kusini, gambuti utaziona mzigo. Ule udongo mweusi ukilowa unashika mguu usitoke.

Nilifika mwaka 2019. Nchi ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na tarehe 15 Desemba 2013 vita vikalipuka Juba, watu wakakimbilia kwenye milango ya kambi za Umoja wa Mataifa. Milango ikafunguliwa. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa kambi za ulinzi wa raia za Juba, Bor, Malakal, Bentiu na Wau. Ile ya Bentiu kuna wakati ilipita watu laki moja. Mimi nilipangiwa kituo ambacho sitakitaja, chenye kambi ya namna hiyo ubavuni. Mkuu wa polisi wa misheni nzima wakati huo alikuwa mwanamke, Unaisi Bolatolu Vuniwaqa wa Fiji, na kwa kweli nilipomsikia Juba akitukaribisha nilivimba kichwa.

Kituoni nikapewa kompyuta. Orodha za likizo, takwimu za wiki, barua. Niliangalia chumba kile, na wanawake wenzangu kutoka nchi nyingine walikuwa kwenye meza kama yangu, wakati gari za doria zikitoka na wanaume. Hakuna aliyetukataza kutoka, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hoja ilikuwa kwamba nje kuna hatari na sisi tunajua kuandika vizuri. Kwenye ripoti ya mwezi tulihesabiwa asilimia yetu, na lengo likaonekana linasogea.

Usikubali, na usigombane. Niliandika barua ya kuomba kupangiwa doria na kazi za kambini, nikaambatanisha uzoefu wangu wa dawati la jinsia, ukurasa mmoja, nikapeleka nakala kwa mshauri wa masuala ya jinsia wa misheni. Kila misheni kubwa ina mtu huyo, na wengi hawamtafuti mpaka wapate matatizo. Ilichukua muda kujibiwa. Nilipokutana na mkuu wangu kwenye foleni ya chakula nilimkumbusha kwa heshima, kila mara, mpaka siku aliyosema, "Afande, kesho uende kambini."

Kambini kazi yetu ilikuwa kuzunguka, kukutana na vikundi vya ulinzi vya wakazi, kusikiliza malalamiko na kuyapeleka panapohusika. Mkalimani niliyepewa alikuwa kijana hodari, mpole, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Tulikaa na wanawake chini ya turubai, nikauliza kuhusu usalama wa vyoo usiku, kuhusu njia ya kuni, kuhusu wasichana. Majibu yakaja mafupi: hakuna shida, tunashukuru. Nimefanya kazi dawati la jinsia, najua sura ya mwanamke anayesema hakuna shida. Baadaye nikaambiwa kijana yule ni mtoto wa dada wa mzee mmoja mwenye sauti kubwa kambini. Hakuwa na kosa lolote. Lakini nani angeeleza mbele yake aliyofanyiwa mkewe, au mkwewe, au mchumba wa ndugu yake?

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja kwenye bomba la maji. Alikuwa amepanga madumu yake ya njano, mtoto mgongoni, akanitazama bendera ya begani, akasema kwa Kiswahili safi chenye mwendo wa Kenya, "Dada, wewe ni wa Tanzania? Mimi nimesomea Kakuma." Kambi ya Kakuma, kule Turkana, iliwapokea watoto wa Sudan tangu mwaka 1992, na waliosoma pale walirudi kwao na Kiswahili. Tukasimama pembeni. Maji yakijaa anasogeza dumu kwa mguu huku akiongea. "Yule kijana akikaa hapo sisi tutasema nini? Tutasema iko sawa." Halafu akaniambia kuhusu doria ya kuni, yaani ile ya kuwalinda wanawake wanaokwenda kutafuta kuni. Gari zetu zilikuwa zinatoka saa tatu asubuhi. "Saa tatu sisi tumesharudi. Au kuna mtu hajarudi."

Wanawake walikuwa wanatoka saa kumi na moja alfajiri kulikwepa jua, kwa sababu mzigo wa kuni juani unaua. Ratiba ya doria ilikuwa imepangwa na watu wenye nia njema kabisa, ikafuata saa za ofisi. Magari yalikuwa yanalinda njia tupu.

Mtu asifikiri hili lilikuwa jambo dogo la ratiba. Mwaka mmoja kabla yangu, katika siku 10 za mwishoni mwa Novemba 2018, Madaktari Wasio na Mipaka waliwahudumia wanawake na wasichana 125 waliobakwa au kushambuliwa wakiwa njiani kwenda Bentiu kufuata chakula cha msaada. Siku 10 tu. Niliuliza, kama wengi wanavyouliza, kwa nini wanaume wasiende wao kutafuta kuni. Jibu nililisikia kwa wanawake zaidi ya mmoja: mwanamume akikamatwa anauawa, mwanamke akikamatwa huenda akarudi. Familia zilikuwa zimepiga hesabu hiyo na kukubaliana nayo. Sikuwa na neno la kuwaambia. Ukifika ukasikia hivyo, usitafute neno, kaa tu.

Kubadili saa kulihitaji kazi. Doria inakwenda na kikosi cha jeshi chenye silaha, na kikosi kina amri zake, mafuta yake, ruhusa zake za njia. Niliandika ripoti fupi yenye mambo mawili: wanatoka saa ngapi na wanapita wapi. Niliweka mchoro wa njia kama walivyonionyesha kwa kijiti kwenye vumbi. Nadhani mchoro ule ndio uliofanya kazi. Ofisa wa kikosi, mtu wa Asia aliyeongea kidogo sana, aliutazama muda mrefu, kisha akauliza vichaka vinaanzia wapi. Baada ya hapo tukakubaliana kukutana na viongozi wa wanawake jioni ya kuamkia doria, wao waseme wanakwenda upande gani, na magari yawe barabarani kabla hakujapambazuka. Upande mmoja haukuwezekana kabisa kwa sababu ya kizuizi cha watu wenye silaha, na ilibidi tuwaambie wazi wasiende huko tukiwa hatuna cha kuwapa badala yake. Wengine walikwenda. Kuni hazisubiri.

Suala la mkalimani lilikuwa gumu zaidi kuliko la saa. Wasichana waliosoma hadi kumudu Kiingereza ni wachache, vita na umaskini vimehakikisha hivyo, kwa hiyo ukitangaza nafasi ya mkalimani wanaokuja ni vijana wa kiume. Tulichofanya ni kuwatafuta wanawake waliolelewa Kakuma, na waliorudi kutoka makambi ya Uganda, wanaojua Kiswahili au Kiingereza cha kuombea maji, tukakaa nao kwenye vikao vya wanawake bila cheo wala mkataba. Hili lina tatizo lake na ni lazima niliseme: walikuwa wanafanya kazi ya bure ambayo mwanamume anailipwa. Nililiandika hilo pia, kila ripoti. Naamini kabisa kwamba nchi inayotoa fedha kwa ajili ya wanawake na amani ingefanya zaidi kwa kuwalipa wanawake kama wale kumi kambini kuliko kwa kongamano moja la hotelini. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna kitu ambacho askari wa Ulaya hana, maana tunaweza kuongea na mwanamke aliyesoma Kakuma bila mtu wa tatu kukaa katikati. Sijaona fomu ya maombi inayouliza kama unajua Kiswahili. Wewe iandike hata isipouliza. Na jifunze Kiarabu cha Juba, angalau salamu na kuuliza habari za watoto. Ni lugha ya sokoni na utaihitaji kila siku.

Kuhusu siri. Ofisa mwenzangu mmoja, kwa kutaka ripoti yake iwe kamili, aliandika jina la msichana na namba ya hema lake. Ripoti inapita mikono mingi. Ndani ya siku chache shangazi wa msichana alijua, na baada ya shangazi ni kambi nzima. Yule binti akahamishiwa kwa ndugu wa mbali. Jina haliandikwi kwenye ripoti ya doria. Kwanza muulize mwenyewe kama anataka jambo lake liende mbele, mpeleke kwanza kwa matibabu, ndani ya saa 72 kama inawezekana kwa sababu ya dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na habari za kesi zifuate baadaye akiwa tayari. Hata huku nyumbani tunaipuuza kanuni hii.

Usiku nilikuwa nalala vibaya. Chumba ni kontena, feni inalia, jenereta inalia, na sauti za mchana zinarudi. Misheni ina washauri nasaha, huduma ni ya siri, lakini askari wengi wanaona kwenda huko ni kujitia alama. Nilikwenda. Mama mmoja wa makamo alinisikiliza bila kuandika chochote, akanipa utaratibu wa kulala na wa kupumua ambao ninautumia mpaka leo. Nenda mapema, usingoje uanze kumfokea mtoto kwenye simu.

Februari 2020 serikali ya umoja wa kitaifa iliundwa Juba. Mkataba uliosainiwa Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018 ulikuwa umeweka asilimia 35 ya nafasi za uongozi kwa wanawake, na kambini wanawake walikuwa wanaijua namba hiyo kwa kichwa, wameisikia Radio Miraya, redio ya Umoja wa Mataifa huko. Rebecca Nyandeng akawa mmoja wa makamu wa rais, na mwezi Machi Angelina Teny akateuliwa waziri wa ulinzi. Asilimia 35 haikufikiwa. Mama wa Kakuma aliniuliza kama waziri mwanamke wa ulinzi atakiondoa kizuizi cha ile njia. Nilimwambia sijui, na kwamba swali hilo analo haki ya kumuuliza waziri mwenyewe.

Kisha ikaja korona. Umoja wa Mataifa ulisimamisha mabadilishano ya askari hadi tarehe 30 Juni 2020, na sisi tuliokuwa tunahesabu siku za kurudi tukabaki. Mtoto wangu alianza kumwita bibi yake mama. Mume wangu alinificha jambo hilo, niliambiwa na mama mkwe mwenyewe, kwa upole, ili nisilikute mlangoni. Niliporudi ilimchukua mtoto muda kunizoea, na mimi ilinichukua muda kuacha kuamka saa kumi. Mwanamke anayekwenda aondoke akijua kwamba muda wa misheni unaweza kurefuka bila yeye kuulizwa, na aliyebaki na mtoto aambiwe hivyo pia.

Kingine ambacho sikukitarajia ni kurudi kwenyewe. Unarudi na maarifa ambayo yamegharimu fedha nyingi za mataifa mengi, unaripoti, unapewa zamu kama kawaida, basi. Hakuna kikao wala anayeuliza umejifunza nini. Niliandika mwenyewe kurasa chache kuhusu wakalimani, saa za doria na usiri wa majina, nikamkabidhi mkuu wangu, nikaomba ziende kwa wanaowaandaa wanaoondoka. Nasikia zinasomwa. Wenzangu wawili waliotangulia misheni nyingine wameandika zao.

Jumamosi asubuhi, ile Land Cruiser kuukuu ya fundi bado inapatikana. Tunachangia mafuta, tunasimamisha mapipa matupu badala ya nguzo, na askari wa kike yeyote mwenye leseni hai anakaribishwa kujifunza kurudi nyuma. Aje na viatu vya kazini, maana siku ya mtihani ndivyo atakavyovaa.